Kinywa cha Kwanza

Walimu walikuja kwangu siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, na mlango niliwafungulia mwenyewe. Nalitanguliza hilo kwa sababu hapa Mtopanga wako wanaosema kikundi cha walimu ndicho kilichoniharibia mwanangu. La. Mimi nikitafuta kosa naanzia kwangu, na wewe mama mwenzangu unayesoma, anzia kwako.

Eddah ni mwanangu wa pekee. Babake, Tinga, alikufa mtoto akiwa darasa la tano. Pombe ya mnazi ndiyo iliyomzika, sifichi. Alikunywa mpaka ini likakataa. Tulipotoka makaburini mimi na mtoto tuliapa kwamba kinywaji kile hakitaingia tena nyumbani mwetu, wala vinywani mwetu. Nikamsomesha kwa mahamri na mbaazi mpaka akatoka chuo cha ualimu, akapata kazi ya kufundisha darasa la nne hapa Kisauni.

Nilidhani wasiwasi wangu umekwisha. Haukwisha, ulihama tu. Mwanzoni alikuwa akitoka shule anakuja moja kwa moja nyumbani, anajilaza na simu kifuani, hasemi. Mwalimu akishinda kutwa na watoto sitini peke yake huwa kama mtu aliyefungiwa chumba kimoja na nyuki. Kisha akajiunga na kikundi. Walimu wa shule nne tano hivi hukutana Jumatano na Jumamosi katika darasa moja, huimba, huigiza, hucheza mpira wa wavu, na mwenzao akijifungua huenda kumtazama. Mwanangu akaanza kurudi akicheka. Nikamshukuru Mungu kwa hicho kikundi. Sikuuliza anacheka na nani.

Sasa siku hiyo ya Jumatano walikuwa sita, na Eddah nyuma yao.

"Shikamoo, Mama Eddah."

"Marahaba, karibuni. Wengi hivi mmekuja kuposa?"

"Tumekuja kukuposa wewe, Mama," akasema Swabra, mwalimu mmoja mnene mwenye maneno. "Huyu Mwalimu Chrispine anatafuta wa pili."

"Huyo wa kwanza kelele zake zanitosha," akajibu Chrispine. Yeye ndiye kiongozi wao. Alipoketi akasema la maana. "Mama, tuna mashindano ya walimu ya kaunti. Mwaka huu tunaimba wimbo wa posa wa Kigiriama. Maneno tunayo, mwendo ndio hatuujui. Nani hupiga magoti, nani humpa nani nini. Mwaka jana jaji alituambia tumeimba kama tangazo la sabuni."

"Bibi harusi nani?"

"Bintiyo."

"Na bwana?"

"Wetu amepewa uhamisho, yuko Hola. Sasa tumempata Mwalimu Habib."

Huyo Habib alikuwa bado amesimama mlangoni. Alikuwa amevua viatu peke yake, ingawa kwangu hatuvui. Kijana mrefu, mwenyeji wa hapa Kisauni, ukoo wao wa tangu zamani. Eddah akamtazama miguu, kisha akageuka upesi akajifanya anatafuta vikombe. Mtu hamtazami mwenzake miguu bure.

"Mama," Habib akaniambia, "kuvaa nitavaa na kucheza nitacheza. Lakini nakuomba jambo moja. Nimeambiwa kuna kata ya kifuu hunywewa. Itiwe madafu. Mnazi mimi siupeleki kinywani, hata kwa mchezo."

"Nimekusikia, mwanangu. Itatiwa madafu. Kibuyu nitakijaza kwa mkono wangu."

Nilimpa neno hilo mbele ya watu.

Jumamosi nikaenda kuwafundisha. Niliwaambia hivi: bibi harusi hupiga magoti juu ya mkeka. Shangazi humletea kata, na wazee humwuliza, mwana wetu, kinywaji cha watu hawa tukinywe? Akiwa amekubali, huonja kidogo, husema "Nyweni," kisha kwa mikono miwili humpa bwana harusi naye anywe. Akiwa hamtaki, hurudisha kata imejaa vile vile, na wageni huchukua njia. Kinywa cha kwanza ni cha msichana. Nililirudia jambo hilo mara tatu kwa sababu Swabra, aliyekuwa shangazi, kila mara alikuwa akimpelekea bwana harusi kwanza.

"Swabra," nikamwambia, "unamwoza mwanamume?"

"Mama, kwetu wanaume ndio wenye kiu!"

Wakacheka. Eddah akapiga magoti, akaonja madafu, akasema "Nyweni," lakini sauti ikatoka kama ya mtu anayeungama.

"Mwalimu Eddah!" Chrispine akapiga kelele. "Jaji hana masikio ya popo! Sauti!"

"Nyweni!"

Habib akanyoosha mikono kupokea. Ngoma hupigwa mara mbili, kisha bwana harusi huchukua. Zikapigwa mbili, zikapigwa nne, mikono yake bado iko juu ya mikono ya mwanangu, kata iko katikati, na wote wawili wanaitazama kana kwamba imeandikwa kitu.

Chrispine akasimamisha ngoma. "Mwalimu wa hisabati, mbili ni ngapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Swabra akapiga kigelegele kisichokuwamo kwenye wimbo. Eddah akacheka akiinamisha uso, na Habib akasema polepole, "Nimekosa hesabu." Hakuonekana kujuta.

Mimi sikucheka. Niliwasubiri mpaka wakamaliza, nikachukua kibuyu changu, nikaenda nyumbani.

Asubuhi ya Jumatatu, kabla hajaenda kazini, nilikuwa nakanda unga wa mahamri.

"Eddah."

"Abee, mama."

"Yule Habib ana mke?"

"Hana."

"Umejuaje?"

"Kwenye kikundi watu wanajuana, mama."

"Sijauliza kikundi. Unampenda?"

Akainama akautazama unga. "Mama, huu umekuwa mwepesi, ongeza kidogo."

"Unga sijauuliza."

 Akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi, na nguo zake za kazini, akasema, "Nampenda. Naye ananipenda. Ameniambia hataki tujifiche, anataka kuzungumza na wazee."

"Ni Mwislamu."

"Najua, mama. Hakuniambia anaitwa Yohana."

"Usinifanyie mzaha mimi."

"Sikufanyii mzaha. Amesema dini yake inamruhusu anioe nikiwa nilivyo. Kubadili au kutobadili ni kwangu."

"Maneno ya kabla ya ndoa hayo. Na kwao wanasema nini?"

Hapo akasita. "Mamake, Bi Mwanasiti, hataki. Amemwuliza kama wasichana wa mtaani kwao wamekwisha."

Wallahi, nikafurahi moyoni, Mungu anisamehe. Nikajiona nina mwenzangu upande wa pili. "Unaona?" nikasema. "Hata wao hawakutaki. Mama yako mdogo Sarah alikwenda hivyo hivyo. Akawa Salma. Bibi yako alipokufa alikaa wapi? Alikaa nje peke yake kwenye mkeka wa pembeni, msiba wa mamake mzazi, hakula hata tonge. Ndivyo unavyotaka kunizika? Kwa pembeni?"

"Mama, mimi sitakuzika pembeni."

"Sarah naye alisema hivyo."

Akainuka, akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Mama, mimi sina ndugu wala dada. Nikikosana na wewe sina pa kwenda. Nakuomba usinipeleke huko."

Hayo ndiyo aliyoniambia. Nayaandika kama alivyoyasema, ili mtu asiseme sikuonywa.

Wiki nzima nikawa na kazi ya kuwaza. Nikisali nawaza, nikichoma mahamri nawaza, nimeunguza makarai mawili. Nilimwona Habib tu mbele ya macho yangu, na miguu yake isiyo na viatu, na zile ngoma nne. Nikajiambia, mwanangu amedanganywa na wimbo. Amevaa kanga za bibi harusi siku hizi zote mpaka ameamini. Basi nimwonyeshe kwamba wimbo huu si wa yule kijana. Aone mbele ya watu wote kata inamshinda, posa yetu inamshinda, na yeye si wa kwetu.

Siku ya mashindano, Jumamosi asubuhi, sikuenda kutafuta madafu. Nilikwenda mpaka Ziwa la Ng'ombe ambako hawanijui, nikaingia mangweni, kwenye kilabu cha mnazi cha Mzee Ruwa, mgema. Mimi, mama wa kanisa, mjane wa mlevi. Nilikuwa nimejifunika kanga mpaka puani.

"Mama," Mzee Ruwa akaniambia, "ukijificha hivyo ndio utaonekana."

"Nijazie kibuyu hiki. Nataka uliolala."

"Uliolala? Watu hutaka wa leo."

"Mimi nataka uliochacha sana."

"Ni wa mgonjwa?"

"Ni wa ngoma."

Akanitazama, akajaza. "Ngoma hiyo," akasema, "itakuwa na mambo."

Mashindano yalikuwa kwenye ukumbi wa shule moja ya upili kule Changamwe. Walimu wamejaa, hawa wamevaa mahando ya marinda kiunoni, hawa wamevaa ngozi, wengine wanaimba kwaya na suti, mwalimu mkuu mzima na njuga miguuni. Nilimpa Swabra kibuyu nyuma ya jukwaa.

"Madafu hayo, Mama?"

"Kuna kingine?" nikajibu. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nilidhani kwa njia hiyo sikudanganya.

Nikaketi safu ya tatu, karibu na bibi mmoja mzee wa Kigiriama aliyekuja kumtazama mjukuu wake. Wakaitwa. Wakaingia wakiimba, na nitasema kweli, waliimba vizuri. Habib alicheza vizuri kuliko watoto wa kwetu. Eddah akaja katikati, mahando yanamtikisika kiunoni, shanga shingoni, akapiga magoti juu ya mkeka. Swabra akamimina kutoka kibuyuni, akampelekea kata. Wazee wakauliza, mwana wetu, tunywe?

Mimi nilikuwa nimemkazia macho Habib. Nangoja kata imfikie. Nangoja aikunje ile pua yake, auteme mnazi au aikatae kata.

Ndipo nikasikia ngoma inapiga na wimbo hauendi. Nikamtazama mwanangu.

Kata ilikuwa imefika mdomoni pake, na amesimamisha mkono. Harufu ile aliijua. Ni harufu ya shati la babake. Nikaona mabega yake yanapanda.

Na mimi ndiye niliyewafundisha. Kinywa cha kwanza ni cha msichana. Mara tatu nililisema, nikamcheka na Swabra. Wiki nzima nilimpangia Habib, nikasahau kwamba kati ya kibuyu changu na Habib yuko mwanangu.

Eddah aliinua macho. Hakumtazama Habib. Alitafuta kwenye viti mpaka akaniona, akanitazama, si kwa hasira, bali kama mwalimu anavyomtazama mtoto ambaye ndiye pekee hakumdhania. Alikuwa na njia mbili. Airudishe kata imejaa, na hapo kwa wimbo wenyewe amemkataa mwanamume anayempenda mbele ya ukumbi mzima. Au aonje, aseme "Nyweni," ampe, na Habib apokee haramu kutoka mikononi mwake.

Hakufanya hili wala lile. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akainywa kata ile yote. Sio kuonja. Alikunywa mpaka mwisho, koo linapanda na kushuka, ngoma inazidi kupigwa, Chrispine jasho linamtoka akiwaashiria waimbaji warudie, warudie. Akaigeuza kata juu ya mkeka, halikudondoka hata tone. Akasema, "Nyweni!" Sauti ilifika nyuma ya ukumbi.

Akampa Habib kata tupu. Habib aliipokea, akaipeleka mdomoni kama wimbo unavyotaka, na hapo harufu ikamfikia. Nilimwona akiganda. Akamtazama Eddah, kisha polepole akainamisha kichwa chake mpaka paji la uso likagusa mikono yake iliyoshika kata. Hilo sikumfundisha mimi.

Watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyo. Bibi mzee kando yangu akaguna. "Huyu wenu," akasema, "kajioza mwenyewe. Hajawaachia wazee hata tone."

Jaji naye akasema vivyo hivyo kwa maneno ya kisomo. Sauti nzuri, mavazi mazuri, lakini bibi harusi hamalizi kata, mila iheshimiwe. Wakapata nafasi ya tatu. "Eddah," Chrispine alikuwa akimwuliza huku akijipangusa, "kiu gani hiyo?"  Eddah alipita mbio, mkono mdomoni.

Nilimfuata. Alikuwa nyuma ya madarasa, kwenye tangi la maji, ameinama anatapika. Kabla sijafika, Habib alikuwa amefika, na mimi nikasimama kwenye kona ya ukuta. Alikuwa ameshika chupa ya maji, amesimama hatua moja kutoka kwake. Hakumgusa.

"Sukutua," akasema.

Akasukutua.

"Ulikuwa ni mnazi, Eddah."

"Ulikuwa mnazi."

"Mbona hukurudisha kata?"

"Ningekuwa nimekukataa."

"Ni mchezo tu."

Eddah akainuka, macho mekundu. "Kwako ulikuwa mchezo?"

 Ukumbini kule watu walikuwa wakiimba. "La, wallahi," Habib akasema. "Haukuwa mchezo. Tangu siku ile ya kwanza haukuwa."

"Basi usiniulize."

"Lakini wewe huunywi. Wewe ndiwe uliyenambia babako..."

"Najua niliyokwambia."

"Nani kautia? Mamako alinipa neno lake."

Hapo nilishika ukuta. Eddah alikifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena. "Sijui," akasema. "Labda vibuyu vilichanganyika. Wako wengi leo."

"Eddah."

"Sijui, Habib. Niwache."

Alinisitiri. Ametoka kutapika mnazi wangu, na bado amenisitiri. Habib si mjinga, alijua, lakini hakusema zaidi. Alivua koti alilokuja nalo, akaliweka juu ya tangi mahali Eddah anapoweza kulifikia, kwa sababu mabega yake yalikuwa wazi.

"Nitakuja kwenu," akasema. "Nitakuja na ami yangu Mansur, tuje mlango wa mbele, tukae, tuseme. Mamangu nitamsemeza, yuwanipenda, atalegea. Inshallah."

"Usije kwanza."

"Kwa nini?"

"Nina maneno na mamangu kwanza."

Nyumbani tulifika saa kumi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliketi mezani, shanga zingali shingoni, akasema, "Uliupata wapi?"

"Ziwa la Ng'ombe."

"Uliingia mangweni wewe mwenyewe?"

"Niliingia."

"Mama, miaka yote ya ndoa yako ulimwomba Mungu mume asiyekunywa. Akaja kijana hapa, hata hajaketi, jambo la kwanza alilolitoa kinywani ni kwamba yeye hanywi. Nawe ukatoka ukaenda kumtafutia."

 Nikasema tu, "Niliogopa. Nilikuwa namwona Sarah kwenye ule mkeka."

"Nilimwuliza mama mdogo Sarah," akasema. "Nilimpigia wiki hii. Nikamwuliza mbona alikaa pembeni, kwani mumewe alimkataza? Akasema hakukatazwa na mtu. Alikuja asubuhi kuliko wote, akakaa, hakuna aliyemwita. Mlipita na sahani mkihesabu watu, mkampita. Akaona aibu kuomba chakula kwenye msiba wa mamake."

Nikakumbuka. Sahani alikuwa akizigawa nani? Nilikuwa nazigawa mimi. Nilijiambia hatakula chakula chetu, kwa hiyo sikumwuliza.

"Eddah, nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Kama nisingekusamehe ningemwambia Habib." Akaanza kuvua shanga, moja moja, akiziweka mezani. "Lakini wewe sikuamini tena. Hayo ni mambo mawili. Leo nikiona chai yako nitainusa kwanza."

"Usiseme hivyo."

"Ningependa nisiseme."

"Kwa hiyo unakwenda kwake?"

"Kwake wapi? Mimi sijaolewa. Josephine wa kikundi ana chumba Frere Town, anataka mwenzake. Nitakaa naye. Habib akija kuposa, atakuja hapa kwako, na nitakuwapo. Ukitaka kukataa utakataa kwa mdomo wako, mbele yetu, si kwa kibuyu."

Jumatatu akaondoka na begi lake na godoro. Nilimfungia mahamri kwenye karatasi. Aliyapokea, akashukuru.

Mama mwenzangu, kama binti yako yuko kwenye vikundi hivyo vya walimu, usiogope nyimbo wala ngoma wala kijana aliyesimama mlangoni. Ogopa wasiwasi wako mwenyewe unapoanza kukuonyesha njia ya uchochoroni. Ukiwa na neno, liseme mezani. Mimi nilikuwa na haki ya kukataa, nikaitupa.

Habib hajaja bado. Nasikia Bi Mwanasiti ameanza kuuliza mwalimu huyo ni mtoto wa nani. Nasikia pia kikundi kinajifunza wimbo mwingine, na safari hii hawakuniita.

Jumapili iliyofuata nilikuwa uani nachambua mchicha. Nikasikia mlangoni, "Hodi."

Sauti niliijua. Miaka ishirini na saba mtoto huyu hajapata kubisha hodi nyumba hii. Akija alikuwa akiniita tangu barabarani, anaingia bado anaita. Nikanyamaza, nikitumaini ataingia tu.

"Hodi hapa."

"Karibu," nikasema, nikiingia ndani.

Akaingia na mfuko wa machungwa, akaniamkia, nikamjibu. Kisha akasimama katikati ya chumba, akingoja nimwonyeshe pa kukaa.